Taka Ambazo Kila Mtu Aliziona

Wakazi wa Nakuru, Kenya, hawakuhitaji kuambiwa na mwandishi kwamba jaa la Gioto limefurika. Upepo ulipovuma, mifuko ya plastiki ilipeperuka hadi barabarani, nao wapita njia wakaikwepa na kuendelea na shughuli zao. Hata hivyo James Wakibia, mpigapicha wa mji huo, aliwaandikia barua wahariri wa magazeti akitaka jaa lihamishwe. Kwa nini mtu aandike jambo ambalo kila mwenye macho analiona?

Kwa sababu shida ikizoeleka huwa kama ukame: hulalamikiwa, lakini hakuna anayeulizwa. Makala ya maoni huitoa shida hiyo kwenye mambo ya Mungu na kuiweka mezani kwa binadamu fulani, mwenye cheo na kalamu ya kutia sahihi. Wakibia mwenyewe ilimbidi aisogeze hoja yake. Jaa likihama, taka zinahamia kwa jirani. Swali likawa, nani anaruhusu mifuko hii itengenezwe? Kufikia mwaka 2015 kampeni yake mitandaoni ilidai kitu kimoja: marufuku. Mwaka 2017 Judi Wakhungu, waziri wa mazingira, aliitangaza katika gazeti rasmi la serikali.

Ushawishi una hatari yake, na Kiswahili hakiifichi: kushawishi ndiko kulikozaa kishawishi, kile kimvutacho mtu dhambini. Katika Gorgias, Plato anamfanya Socrates aufananishe ufundi wa maneno na upishi unaojifanya tiba, unaompa mlaji kitamu bila kujua kimfaacho. Shutuma hiyo ni nzito, wala haiondoki kwa kurundika takwimu. Picha ya ng'ombe akitafuna plastiki hutikisa moyo kabla akili haijauliza lolote. Mwandishi mwadilifu humwachia msomaji nafasi ya kukataa, na ili nafasi hiyo iwe ya kweli, hoja ya upande wa pili aieleze kama wenyewe wangeieleza.

Upande wa pili ulikuwa na la kusema. Wenye viwanda walihofia ajira. Kenya ilikuwa imejaribu kuzuia mifuko myembamba mwaka 2007 na 2011, ikashindwa. Safari hii, kuanzia 28 Agosti 2017, adhabu ilifika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4.

Sasa simama kwenye kibanda cha mama mboga jioni. Sukuma wiki keshaikata nyembamba. Mteja anatoka kazini na anaitaka tayari kwa sufuria. Zamani mama aliitia kwenye "karatasi", jina ambalo wanunuzi waliupa mfuko wa plastiki, akaifunga fundo, akapokea pesa. Usiku mmoja ukageuza fundo hilo kuwa kosa la jinai. Mboga iliyokatwa ina maji: gazeti linalowa na kuchanika, na mfuko wa kitambaa unaila faida ya fungu zima. Marufuku ilikuwa ya haki, na walioipigania walistahili kushinda. Ila mama huyu naye ni msomaji wao. Jibu lake, likiwa na hesabu ya shilingi zake, lilipaswa kuwamo katika makala za kwanza kabisa, wakati bado anaweza kubisha.