Mtu ni Watu: Je, Kumtenga Mwenzetu si Kumpiga?

Yapo maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya mara kwa mara, nayo ni faragha na ukiwa. Mwenye faragha amejitenga kwa hiari yake, na mlango wake aweza kuufungua apendapo. Mwenye ukiwa ameachwa, na ufunguo uko mikononi mwa wengine. Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali moja la kimaadili litokanalo na tofauti hiyo: je, anayemtenga mwenzake pasipo kumgusa, pasipo kumtukana wala kumnyima chakula, amemtendea ubaya, au amemwacha tu? Swali hili latuhusu sana sisi walimu, kwani wapo miongoni mwetu walioiweka chini fimbo, wakaona kuwa ni adhabu ya kiungwana zaidi kuliagiza darasa lisimsemeze mkosaji kwa muda wa juma zima.

Jibu tutalitafuta kwanza mahali pasipotazamiwa, yaani katika vizimba vya panya. Panya wa maabara ni mnyama wa kuishi na wenziwe. Hulala wamerundikana, husafishana manyoya, na hutambuana kwa harufu. Mwaka 2016 wataalamu wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, huko Marekani, walieleza yaliyompata panya aliyetengwa kwa saa 24. Katika shina la ubongo wake zimo seli zitoazo dopamini, ambayo ni mojawapo ya kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka seli hadi seli. Upweke ule ulizifanya seli hizo ziwe nyepesi kuamshwa. Na panya alipokutanishwa tena na mwenziwe, zilichangamka, naye akamwendea kwa shauku kuliko kawaida. Upweke wa siku moja, basi, ulifanana na njaa.

Lakini upweke ukirefuka hubadili sura. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California walitoa habari za panya waliotengwa kwa majuma mawili. Hao walimshambulia mgeni aliyetiwa kizimbani mwao. Na walipotishwa, waliganda kwa hofu hata baada ya tishio kupita, ilhali wenzao waliokaa pamoja walirudia shughuli zao mapema. Ubongoni mwao kemikali moja ya jamii ya takikinini ilikuwa imezidi katika sehemu nyingi, na walipopewa dawa ya kuizuia, ukali na hofu vilipungua. Tena, mwaka 2012, watafiti wa Harvard walikuwa wameonyesha kwamba panya wachanga waliotengwa tangu siku ya 21 hadi ya 35 ya maisha yao hawakupona hata waliporudishwa kundini: utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo ulibaki mwembamba, na namna yao ya kuchangamana ikabaki na kasoro. Waliotengwa baada ya umri huo hawakupatwa na dosari hiyo.

Hapa yatupasa kutua na kutafakari. Panya hao walikula, walikunywa, wala hawakupigwa. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Methali hizo zasifu msaada wa wenzetu katika kazi. Lakini panya wa kizimbani hakuwa na chawa wa kuvunja wala chungu cha kuinjika. Hakupungukiwa na msaidizi, bali na mwenzi. Methali isemayo mtu ni watu inakwenda mbali zaidi, kwani yasema kuwa wenzetu ni sehemu ya umbile letu. Kwa hiyo amwondoleaye kiumbe wenziwe hakumwacha jinsi alivyokuwa. Ameunyoosha mkono hadi ndani ya fuvu lake.

Yamkini msomaji atasema kwamba panya si mtu. Ni kweli. Binadamu ana lugha, ana kumbukumbu, ana sala na matumaini. Wapo wafungwa waliotunga mashairi gizani. Hatudai kuwa kila litokealo kwa panya hutokea kwetu vilevile. Twasema tu kwamba anayedai kuwa kutengwa si kitu, sasa ni juu yake kuleta ushahidi. Ulimwengu wenyewe umekwisha kulitambua jambo hili kwa upande wa magereza: mwaka 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela, ambazo zinakataza kumfungia mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Wala hatuishutumu faragha, maana bila faragha hapana kusoma wala kutunga.

Hofu yetu kubwa ni hii: adhabu ya kutenga hujitengenezea ushahidi wake yenyewe. Mtoto atengwaye akirejea na ukali, sisi husema, "Tulijua tangu hapo kuwa huyu ni mkorofi," na kumbe huenda tunayatazama matunda ya mikono yetu. Mwenye kosa na aadhibiwe, lakini aadhibiwe akiwa miongoni mwa wenziwe: afagie pamoja nao, arudie kazi yake mezani pao, na jina lake liendelee kuitwa.

Tusisahau pia kwamba panya hao walitiwa ukiwa na binadamu ili binadamu apate kujua. Iwapo ni halali kuinunua elimu kwa bei hiyo, ni swali ambalo twawaachia wasomaji walijadili. Ila kwa kuwa bei imekwisha kulipwa, na aliyelipa si sisi, ingekuwa aibu kuiacha elimu hiyo rafuni huku dawati la mtoto mmoja likiwa limesukumwa pembeni.