Imani na Wakati Uliopo

Katika vikundi vya Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho lililochipuka Rwanda na Uganda mnamo miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika, mtu anayesimama kutoa ushuhuda, yaani kueleza mbele ya ndugu zake jinsi Mungu alivyomtendea, kwa kawaida hutaja mwaka aliookoka, na pengine siku yenyewe, kisha wenzake humwitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Tarehe hiyo ina uzito wake, kwa kuwa huonyesha kwamba imani si urithi wa ukoo bali ni uamuzi wa mtu. Lakini jambo lililokwisha kutendeka huwezaje kuitwa imani ya leo?

Mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, alishikilia katika kitabu alichokitoa mwaka 1844 kwamba aliyemwona Yesu kwa macho yake hakumzidi kitu mwamini aliyezaliwa karne nyingi baadaye, kwa sababu macho yalimwona mwanadamu tu, na kumkiri kuwa Mungu kulihitaji imani kwa wote wawili. Kutokana na hoja hiyo, kuamini ni kuishi wakati mmoja na Kristo, maana yake ni kusimama mbele ya mwito wake kama mwito unaodai jibu sasa. Hoja hii ni nzito, ingawa Kierkegaard, aliyependa mno kumtazama mtu akiwa peke yake, halipi kusanyiko nafasi linayostahili. Karne nyingi kabla yake, Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale, alikuwa amekwisha kueleza katika kitabu chake Maungamo kwamba yaliyopita yapo katika kumbukumbu, na kumbukumbu ni tendo la sasa. Kwa hiyo kuishi imani leo hakumlazimu mwamini kuyatupa ya jana.

Ndugu wa Uamsho walilielewa jambo hili kwa vitendo. Ushuhuda wa siku ya kuokoka haukutosha bila kutembea nuruni, yaani kuungama waziwazi dhambi za siku hizi hizi, kupatana na jirani aliyekosewa na kurudisha mali iliyoibwa kwa mwenyewe, hata kama kufanya hivyo kulileta aibu.

Mfano ni Janani Luwum wa Uganda, aliyeokoka mwaka 1948 katika Uamsho huo. Mwezi Februari 1977, akiwa Askofu Mkuu wa Kianglikana, yeye pamoja na maaskofu wenzake walimwandikia rais wa nchi hiyo, Idi Amin, barua ya kupinga mauaji na udhalimu wa vyombo vya dola, na tarehe 16 ya mwezi huo akauawa. Ushuhuda wake wa miaka 29 nyuma haukumwondolea wajibu wa kuamua upya. Siku aliyouawa sasa ni ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda, na heshima hiyo ina hatari yake, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumwadhimisha askofu aliyeuawa kuliko kutia saini barua ya namna ile leo.