Sungura wa Kitambaa Ndani ya Sanduku la Bwana



Yapo maswali yanayoonekana madogo, hata ya kuchekesha, lakini ndani yake mna jambo zito la ndoa. Mojawapo ni hili: mtu aliyeoa au kuolewa, mwenye watoto wake, je, inafaa aendelee kutunza mwanasesere wa utoto wake? Na akitaka kumtengeneza, mwenzake afanye nini?

Tuchukue mfano. Bwana mmoja wa Runyenjes, huko Embu, ameoa binti wa Nkubu, Meru. Wamefunga ndoa kanisani na wana watoto watatu. Siku moja bibi anapanga vitu chumbani, anafungua sanduku la bati ambalo bwana alilitumia alipokuwa shule ya bweni. Chini kabisa, chini ya vyeti, anakuta kitu kimefungwa kwa gazeti. Ni sungura wa kitambaa, sikio moja limekatika, tumbo limepasuka na matambara yanatoka nje.

Moyo wa bibi unashtuka. Kwetu sisi, kitu cha namna hiyo kikikutwa kimefichwa hakimchekeshi mtu. Anawaza: je, mume wangu amekwenda kwa mganga? Jioni anauliza kwa ukali. Bwana anaona aibu, naye anajibu kwa ukali zaidi. Usiku huo wanalala wakipeana mgongo.

Kumbe ukweli ni mwepesi. Bwana alipokuwa na miaka minne, mama yake alilazwa hospitali kwa miezi mingi. Nyanya alichukua gauni lake kuukuu, akakata, akashona sungura, akamjaza matambara, akampa mtoto alale naye. Nyanya amekwisha kufa. Lile gauni halipo tena, isipokuwa katika yule sungura.

Kwa nini basi bwana alificha? Wasomaji wetu wa Meru na Embu wanajua. Kijana akishatahiriwa, watu hutazamia aache mambo ya utoto. Wengi huacha hata nguo zao za zamani, wakavaa mpya. Mwanamume mwenye kutunza mwanasesere ataonekana mtu wa kuchekwa. Hivyo aliogopa kicheko cha mkewe, na kwa kuogopa kicheko akapata shaka, ambayo ni mbaya zaidi. Siri isiyo na ubaya, ikifichwa kwa muda mrefu, hufanana na siri mbaya.

Tuanze na hofu ya bibi, kwa sababu si ya kudharauliwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza uchawi na inalaumu kuvaa hirizi. Lakini hirizi na kumbukumbu hazifanani. Mwenye hirizi anaitegemea imlinde, imletee mali, au imdhuru jirani. Mwenye kumbukumbu hategemei kitu chochote kutoka kwake. Anamkumbuka mtu aliyempenda. Swali la kumwuliza mwenzako ni moja: “Unadhani kitu hiki kina nguvu gani?” Akijibu, “Hakina nguvu yoyote, ila kilishonwa na nyanya,” basi hofu na iishe.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, anasema kwamba nguo au pete ya baba huwa na thamani kwa watoto kadiri wanavyompenda baba yao. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyarudia mawazo hayo alipoeleza kwa nini tunaheshimu masalio ya watakatifu. Sungura wa nyanya si masalio, wala hatumwekei mshumaa. Lakini mzizi ni ule ule: mwanadamu ana mwili, na upendo wake hupitia katika vitu vinavyoshikika. Hata Hana, mama yake Samweli, alimshonea mtoto wake kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea kule Shilo. Ile kanzu ilimwambia mtoto kwamba mama hajamsahau.

Labda mtu atasema kwamba haya ni mambo ya kizungu. Ni kweli kwamba yule dubu wa kitambaa ambaye watoto humwita tedi alitoka mbali. Mwezi wa Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa. Habari ilichorwa gazetini, na mtu na mkewe waliokuwa na duka la peremende huko Brooklyn, Morris na Rose Michtom, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la rais. Roosevelt huyo huyo alikuja Kenya mwaka 1909, akafika hata Meru, akiwinda ndovu. Jina basi ni la wageni. Lakini watoto wetu walikuwa na wanasesere wao wa magunzi, wa majani ya migomba na wa matambara bila kufundishwa na mtu. Mtoto wa mahali popote akiwa mpweke hutafuta kitu cha kukumbatia.

Wengine watamtaja Mtume Paulo, aliyesema kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Someni vizuri sura ile, Wakorintho wa Kwanza 13, ambayo mara nyingi husomwa katika harusi zetu. Paulo anazungumzia namna ya kusema, ya kufikiri na ya kuamua, na sura nzima inahusu upendo. Basi ni nani mwenye utoto katika nyumba ile? Si yule mwenye sungura. Utoto ni kununa bila kueleza, na kushtaki kabla ya kuuliza.

Sasa tuje kwenye kutengeneza. Tuseme bibi ameelewa, na kwa kutaka amani anaamua kumfurahisha bwana. Anamchukua sungura kwa fundi wa cherehani bila kusema. Fundi anatoa kitambaa chote kilichochakaa, anaweka kipya cha rangi nzuri, anatupa matambara na kujaza sponji. Sungura anarudi amependeza. Bwana anamtazama, anashukuru kwa mdomo tu, kisha anatoka nje. Amefiwa na nyanya mara ya pili.

Watu husema kuhusu jembe: mpini umebadilishwa mara tatu na bapa mara mbili, lakini bado ni jembe la babu. Kwa jembe ni sawa, maana kazi yake ni kulima, na bado linalima. Kazi ya sungura huyu ni kuhifadhi mkono wa nyanya, yaani mshono wake na gauni lake. Ukiviondoa hivyo, umeshona sungura mwingine. Kwa hiyo kutengeneza si kufanya kuwa kipya. Ni kukisaidia kitu kidumu kikiwa kile kile, na makovu yake.

Anayejua lipi liguswe na lipi liachwe ni mwenyewe. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwasihi watu wa nyumba moja wasisahau maneno matatu: kuomba ruhusa, kushukuru na kuomba radhi. La kwanza ndilo tunalolisahau upesi kwa mtu tunayelala naye kitanda kimoja.

Ruhusa ikipatikana, kazi ni rahisi, nanyi mwaweza kuifanya pamoja mezani:

1. Fungueni mshono mmoja tu na kutoa matambara kabla ya kufua. Yakilowa ndani hayakauki upesi, hasa mwezi wa Julai penye baridi na manyunyu huku kwetu chini ya Mlima Kenya, na kitu kitaota ukungu.

2. Jaribuni rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Isipotoka, fueni kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila kusugua wala kutia dawa ya kung'arisha. Anikeni kivulini.

3. Tieni kiraka kwa ndani, cha kitambaa laini, ili gauni la nyanya libaki likionekana nje.

4. Matambara ya zamani yafuliwe na kurudishwa katikati, na pamba safi izungushwe kando.

5. Sikio lililopotea laweza kushonwa kwa kitambaa kingine. Lisijifanye la zamani. Na kama mtoto mdogo atamshika, msishone vifungo kuwa macho, tumieni uzi.

Lakini tusiseme kwamba kila kitu cha zamani lazima kitunzwe. Kuna mtu anayejificha katika kumbukumbu. Anamwambia mwanasesere, au picha, au barua za zamani, mambo asiyomwambia mwenzi wake. Kuna anayemlinganisha mkewe kila siku na marehemu nyanya. Hapo tatizo si kitambaa, na kukitupa hakutaliponya. Tatizo ni mlango uliofungwa kati ya wawili, nao hufunguliwa kwa mazungumzo, na ikihitajika, kwa msaada wa padre au wanandoa wenye uzoefu katika jumuiya ndogo ndogo.

Siku ya harusi hukuoa mtu mzima peke yake. Ulimpokea pia yule mtoto wa miaka minne aliyemngoja mama yake arudi kutoka hospitali. Huwezi kumwambia mwenzako, “Nakupenda, ila utoto wako utupe.” Ukimshonea sungura wake, kwa ruhusa yake na kwa namna anavyotaka, unamfikia yule mtoto ambaye hukuwapo kumtuliza.

Zungumzeni pamoja jioni hii:

Je, kuna kitu cha utoto wako ambacho hujawahi kunionyesha? Kwa nini?

Je, nimewahi kutupa, kugawa au kubadilisha kitu chako bila kukuuliza?

Ni nani aliyekutuliza ulipokuwa mdogo? Tumwombee pamoja, awe hai au marehemu.