Mtoto Aambiwe Nini Kuhusu Majimaji

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu na vitukuu wa watu walionyongwa na dola ya nchi yake. Alisema anaona aibu, akaomba msamaha. Miaka 117 ilikuwa imepita tangu Februari 27, 1906, siku Wangoni zaidi ya sitini waliopigana na Wajerumani katika vita vya Majimaji waliponyongwa mjini hapo na kufukiwa katika kaburi la pamoja. Rais huyo amezaliwa 1956, wala hakumnyonga mtu. Basi kwa nini aombe radhi? Mtoto akikuuliza hivyo, usimnyamazishe.

Kwetu mtu akifa, jamaa yake husimama msibani na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Watoto hawakukopa, lakini hawasemi kwamba deni haliwahusu. Hatia ni ya aliyetenda. Deni hubaki kwa warithi wa jina na mali. Mzazi wa Kijerumani ana wajibu wa kumfundisha mwanawe hivyo. Pale Berlin, sehemu ya barabara iliyoitwa hapo awali kwa heshima ya mkoloni Carl Peters inaitwa Maji-Maji-Allee tangu mwaka 2024. Mtoto apitaye hapo anastahili kuelezwa sababu.

Wajibu wetu sisi ni mzito zaidi kuliko tunavyopenda kukiri. Wengi wetu huwaambia watoto kwamba Wajerumani walikuja wakatuua, tukaishia hapo. Ni kweli, ila ni nusu yake. Umatumbini mwaka 1905 watu waling'oa pamba kwa sababu walilazimishwa kuilima kwa ujira wa kudhalilisha, na aliyewasimamia kwa kiboko mara nyingi alikuwa akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, Mwarabu au Mswahili wa pwani. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache. Waliochoma vijiji, wakateketeza mashamba na maghala kwa amri yao, walikuwa askari: Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa kwa jumla ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Amri ilikuwa ya mkoloni, na hilo lisipunguzwe hata kidogo. Lakini mtoto asiyeambiwa habari za askari na akida atakua akiamini kwamba ukatili una rangi, na siku mwenye rangi yake atakapomwonea jirani hatautambua. Baadhi ya watoto wetu wana damu ya aliyenyongwa na ya aliyeshika kamba. Nao waambiwe, kwa upole, bila kufichwa.

Yapo pia maji yenyewe, dawa waliyopewa wapiganaji. Nimesikia watu wazima wakiyacheka mbele ya watoto: ati wazee waliamini risasi zitageuka maji! Kicheko hicho ni malezi mabaya. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeyatoa maji hayo, aliyenyongwa Mohoro mwanzoni kabisa mwa vita, aliwapa watu wa lugha mbalimbali, waliokuwa na visa vyao wenyewe kwa wenyewe, kiapo kimoja. Makabila yapatayo ishirini yalisimama pamoja, bila simu wala chama. Maji hayakuzuia risasi, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Kisha aambiwe yaliwaunganisha akina nani.

Sisemi tuwalee watoto kwa chuki. Mtoto wa Kijerumani wa leo si adui wa mtoto wa Songea. Lakini Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Hata Rais wao alipokuja kuomba radhi, kilikuwa bado hakijapatikana. Kumsihi mtoto asamehe na kusahau wakati ukoo bado unamtafuta mfu wake ni kumfundisha kwamba heshima ya wazee wake haina uzito.

Mzazi, usimwachie mwalimu kazi hii, kwa kuwa kitabu cha shule kina kurasa chache na mtihani una haraka. Makumbusho ya Majimaji yapo Songea, na kumbukumbu hufanyika kila Februari. Ukiweza, mpeleke mwanao. Usipoweza, kaa naye nyumbani umsimulie yote, yakiwamo yanayotuuma sisi wenyewe.