Bunduki za Marehemu na Kima Chake

Katika mambo ya mirathi ambayo watu wetu huyaendea kwa ada kuliko kwa sharia ni silaha alizoziacha marehemu. Shamba lake hupimwa, vyombo vyake huhesabiwa, lakini bunduki zake huchukuliwa na mwanawe mkubwa wala hapana amwulizaye, eti kwa kuwa bunduki ni jambo la wanaume.

Na tuweke mfano. Mzee wa Kiislamu amefariki Buyangu, katika Kakamega, ukingoni mwa msitu ule uliofanywa hifadhi mwaka 1985. Ameacha mke, mwana mmoja mwanamume na binti wawili wadogo. Ameacha na bunduki tano: magobori mawili ya zama za misafara ya pwani iliyopanda hadi Mumias kutafuta pembe, na tatu za kuwindia, za kabla ya uwindaji kupigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Je, sharia yasemaje?

Kwanza, silaha ni mali. Mtume (S.A.W.) alipofariki, deraya yake ilikuwa rahani kwa pishi thelathini za shayiri, na kisicho na kima hakiwekwi rahani. Basi baada ya mazishi, madeni na wasia, kima cha bunduki hizi chafanywa mafungu 32: mke apata 4, mwana 14, na kila binti 7. Mwana azichukuaye zote amekula mafungu 18 ya wenziwe.

Pili, bunduki haikatwi vipande. Haina budi kutiwa kima. Na atie mjuzi mwadilifu, atazamaye mtutu, kutu, jina la fundi, na kama risasi zake zapatikana. Asitie kima yule atakaye kuinunua yeye mwenyewe.

Hapa ndipo penye mas'ala magumu. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kushika bunduki bila ya cheti chake mwenyewe, na cheti cha baba hakirithiwi. Basi njia ni kuzipeleka polisi, kisha kumtafuta mnunuzi mwenye cheti. Lakini usiku aja mtu asiyetaja kwao, atoa bei maradufu. Msimamizi asema: “Nimeamrishwa niitendee mali ya mayatima lililo bora. Nikiikataa bei hii, je, sikuwapunja?”

Hoja hii ina uzito, na jawabu yake ni hii. Kima alichoamrishwa kukitafuta ni kile kitolewacho kwa kitu mfano wake katika soko la halali. Nyongeza ya mtu wa usiku si kima cha chuma wala cha mti. Ni ujira wa kuficha, na huenda ni thamani ya roho ya mtu. Mafakihi wetu wa Kishafi wamekataza kumwuzia zabibu ajulikanaye kuwa atazifanya ulevi, sembuse bunduki kwa mnyang'anyi! Basi nyongeza ile haikuwa mali ya mayatima hata siku moja, na mtu hapunjwi kwa kukosa kisicho chake.

Huenda ikasemwa: “Nisipouza mimi, atauza mwingine.” Huyo mwingine ataulizwa la kwake. Mwaka 2016 huko Ngong serikali ilichoma bunduki haramu zaidi ya 5,000, na kila moja ilipita mkononi mwa mtu aliyeitoa.

Ama magobori, wakitaka kuyatoa kwa makumbusho, watu wazima na watoe mafungu yao. Fungu la mtoto mdogo halitolewi hiba na yeyote. Atakaye kulitoa na awalipe watoto kima chake kutoka mfukoni mwake.

Abu Qatada (R.A.) alipata deraya siku ya Hunayn, akaiuza, akanunua shamba la miti kwa Bani Salima, nayo ikawa mali ya kwanza aliyoipata katika Uislamu. Mayatima wa Buyangu nao, shamba la halali, lijapokuwa dogo, lawatosha.

Wallahu aalam.