Imani Iliyopungua Ilikuwa ya Nani?

Andiko: Marko 9:14–29, Mathayo 17:14–20

Leo somo ni uponyaji, na naanza na kosa langu mwenyewe, maana wako wachache kanisani humu wanaolijua na wamenyamaza kwa heshima.

Kabla sijaletwa kuchunga hapa, mama mmoja alimleta kijana wake wa miaka tisa kwenye kesha la Ijumaa. Kijana alikuwa na kifafa. Tulimwombea, wazee na mimi, mpaka karibu alfajiri. Akatulia, akalala mapajani pa mamake. Mimi nikashika kipaza sauti nikatangaza: amepona! Mama, dawa za nini tena? Kanisa likajaa makofi na vigelegele. Mama akaenda nyumbani, akazitupa zile tembe chooni.

Wiki ya tatu kijana alianguka jikoni, mkono wa kulia ukaingia kwenye jiko la makaa. Nilipofika wodini mama aliniuliza swali moja tu: "Pasta, nilikosea wapi?" Na mimi, Bwana anisamehe, nikamjibu, "Mama, labda imani yako ilikuwa ndogo."

Nimehubiri miaka mingi. Sijawahi kusema neno ninalolijutia kuliko hilo.

Usiku ule nilifungua Marko 9 nikitafuta mstari wa kunitetea. Sikuupata. Kuna baba ambaye mtoto wake huanguka motoni na majini. Wanafunzi wamejaribu, wameshindwa, na sasa wanabishana na waandishi huku umati ukitazama. Yesu anafika. Kabla hajakemea kitu, anamwuliza baba, mtoto amepatwa na haya tangu lini (mstari wa 21). Hebu simama hapo kidogo. Yeye anayejua yote anauliza historia ya mgonjwa, vile daktari huuliza kliniki! Mimi sikumwuliza yule mama hata swali moja.

Halafu baba anakiri mbele ya watu wote kwamba anaamini, lakini imani yake yenyewe inataka kusaidiwa. Nusu imani, nusu hofu. Je, Yesu alimrudisha nyumbani akaiongeze kwanza? La! Mtoto aliinuliwa kwa mkono siku ile ile.

Basi upungufu ulikuwa wa nani? Ni kweli Yesu alikilalamikia kizazi chote. Lakini baadaye, faraghani, wanafunzi wanamwuliza mbona wao hawakuweza. Katika Marko jibu linahusu maombi. Mathayo 17:20 inaenda moja kwa moja: imani yao wao ndiyo ilikuwa haba. Wao watumishi! Si baba, si mtoto. Mzigo niliomtwika mama pale wodini, Yesu aliuweka mabegani mwa wahubiri.

Najua mtu ataniuliza, "Pasta, si lile lilikuwa pepo?" Ndiyo, katika habari hii pepo yuko, na Bwana alimtoa. Lakini soma Mathayo 4:24. Wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza wametajwa kila kundi kivyake. Sisi ndio huchanganya. Tukiona tu povu mdomoni, tunaanza kumkandamiza mtoto na kupiga kelele. Washemasi, sikieni: mtu akianguka ibadani, sogezeni viti, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, tafuteni gari apelekwe hospitali. Na mkiwa njiani, ombeni!

Twende pia Yohana 5. Bethzatha palikuwa na matao matano, na wagonjwa wengi wamelala. Tunasoma aliponywa mmoja, aliyekuwa ameugua miaka 38, na hata hakujua aliyemponya ni nani (mstari wa 13). Imani yake ilipimwa saa ngapi? Na wale waliobaki kwenye mikeka yao, ni wapi wameambiwa hawakuamini? Mimi sijapaona.

Sijaacha kuamini uponyaji. Yakobo 5:14 haijafutwa. Mgonjwa akiita wazee, wazee waende na mafuta. Ila wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, na ukisoma Walawi 14 utaona kuhani hakukubali tu neno la mtu. Alikagua mwenyewe, na huyo mtu alingoja siku saba nje ya hema yake. Yesu hakuogopa kazi yake ikaguliwe. Kwa nini sisi tuogope karatasi ya daktari? Ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayeacha dawa kwa neno la madhabahu, na anayetaka kushuhudia kwamba amepona ugonjwa wa kliniki tunamwomba arudi kliniki kwanza. Wengine wamesema utaratibu huu unazima Roho. Nimewasikia, na utaratibu unabaki.

Nilirudi wodini kesho yake. Nikamwambia mama kwamba nilikosa mimi, si yeye, na nikamwomba msamaha. Alikaa kimya sana. Halafu akaniambia, "Mwambie na yeye, Pasta. Alikusikia." Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia kijana. Akaniuliza, "Kwa hivyo Yesu hajakasirikia mama?"

Siku hizi ni kijana mkubwa, yuko sekondari, anaandika kwa mkono wa kushoto. Bado anameza dawa kila jioni, na bado namwombea kila Jumatano. Siku daktari atakapomwambia aache, nimemwahidi kipaza sauti atashika yeye mwenyewe.

Kesha la Ijumaa hii tutaombea wagonjwa kuanzia saa tatu usiku. Njooni na dawa zenu. Saa ya kumeza ikifika, maji ya kunywa yatakuwa kule nyuma, karibu na mlango.