Vumbi la Kwetu

Ukisema kitu ni kelele, umekieleza hicho kitu au umejieleza wewe?

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Karl Jansky, mhandisi wa Bell Labs kule New Jersey, Marekani, alipewa kazi ya kutafuta chanzo cha kelele zilizosumbua simu za redio za kuvuka Atlantiki. Akajenga antena ndefu inayozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford. Radi alizipata, za karibu na za mbali. Lakini kukabaki mvumo mdogo usiokoma. Mwanzoni alidhani ni jua. Kumbe kilele chake kilikuwa kinarudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, na hiyo ni siku ya nyota, si ya jua. Yaani jamaa alitumwa kutafuta uchafu wa kwenye laini, akaisikia galaksi yetu.

Ni hadithi tamu, na ningeweza kuishia hapo: usidharau kelele, huenda ni hazina. Shida ni kwamba iko hadithi ya pili.

Machi 2014, watafiti wa BICEP2, darubini iliyokuwa Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba wameona alama ya mawimbi ya mvutano kutoka mwanzo wa ulimwengu. Alama yenyewe ilikuwa kwenye mwelekeo: mawimbi ya nuru ile kongwe yanatikisika yakiegemea upande fulani. Watu wakashangilia. Ila vumbi la galaksi yetu nalo hufanya hivyo, kwa sababu chembe zake hujipanga kufuata uga wa sumaku. Setilaiti ya Planck ilikuwa imelipima vumbi hilo angani kote. Timu hizo mbili zilipounganisha data mapema 2015, ushahidi haukutosha tena. Safari hii hazina ndiyo iligeuka kuwa vumbi.

Sasa tumwamini nani? Mradi wa C-BASS umetumia antena mbili, moja California, nyingine Afrika Kusini, kuchora mawimbi ya redio yanayotoka kwa elektroni zinazozunguka mistari ya sumaku ya galaksi karibu kwa kasi ya nuru. Wako wanaoitaka ramani hiyo ili waifute galaksi, waone kilicho nyuma yake. Wengine wanaitaka ili waione galaksi yenyewe. Ramani ni ileile. Kwa hivyo kelele ni jina tunalokipa kitu kutokana na kazi tuliyo nayo. Na hata anayetaka kufuta, lazima kwanza achore kwa bidii sawa na anayependa.

Hapo ndipo ninaponaswa. Niliacha chuo, na nikisimulia maisha yangu miaka ile naipita mbio. Mjomba anaiita hasara. Mimi, siku nikiwa na ari, naiita shule ya maisha. Tunabishana kuhusu jina tu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuipima. Kuitetea kabla ya kuipima ni uongo kama ule wa kuifuta.

Mama bado hajui kwamba muhula wa mwisho sikuingia darasani hata mara moja. Pengine ramani yangu ianzie hapo.